Kuponi za Anko Osoro

Nikinusa wino wa vipeperushi vya madukani, ule unaobaki kwenye vidole hata baada ya kunawa, narudi Najma, Doha, kwenye nyumba tuliyogawana na Anko Osoro, mdogo wake baba. Mniwie radhi, wasomaji wangu, lakini mtu yule sijawahi kumheshimu. Leo nina stashahada yangu ya ugavi na duka nililolijenga kwa jasho langu mjini Nakuru. Sioni sababu ya kuanza sasa.

Anko alikuwa bawabu kule Lusail. Kwa kuwa aliwahi kusomea kompyuta kidogo, alijitwika kazi ya kutunza kuponi zote za nyumba: za mchele, za sabuni, za mafuta. Alizikata kwa makasi taratibu, ulimi nje, akazipanga ndani ya faili la plastiki kufuata ukubwa wa punguzo. Tarehe ya mwisho hakuijali. Zilizo bora kabisa alizificha nyuma, sehemu aliyoiita "za nyumbani", maana kwake kitu kizuri hakikustahili kutumiwa Qatar. Kilipaswa kungoja kago, mzigo wa kupelekwa kwetu Kisii.

Humo ndimo alimoifungia kuponi ya mashine ya kufulia, nusu bei. Mama alikuwa akitufulia sote kwa beseni, sare za Anko zikiwamo, na viganja vyake vilikuwa vimepasuka hadi kukanda unga kukamshinda.

"Shemeji, nipe ile karatasi niende dukani."

"Mama Kevo, tulia. Mashine kama ile uichakaze hapa? Tutaipeleka nyumbani ikiwa mpya."

"Nyumbani mfereji uko wapi? Utaifungia mtoni?"

Baba alicheka, kisha, kama kawaida yake, akamuunga mkono ndugu yake.

Anko alipolegea hatimaye, tulikwenda dukani Ijumaa, mimi nimeishika kuponi kwa mikono miwili. Keshia aliitazama, akaturudishia. "Khalas, mama. Imepitwa na wakati." Anko alipoonyeshwa, aliigeuzageuza, akashangaa kwa dhati: "Lakini hata haijakunjika!"

Mtu mzima huyo.

Siku hiyo hiyo mama alilinyakua faili. Alifunga kamba jikoni, akazibana kuponi kwa vibanio vya nguo, ile inayokaribia kufa ikiwa mbele. Ya mbele ikitumika, zote zilisogea. "Kinachooza huliwa kwanza," alisema. Chuoni walitufundisha jambo hilo muhula mzima, kwa michoro, wenzangu wakitoa macho. Mimi nililijua kabla sijafikia kimo cha meza. Ofa nyingine ya mashine ilipotoka, kuponi yake haikulala kwenye kamba.

Tulipohama Doha, mashine ilikuwa imechoka, ikitetemeka kama kuku mgonjwa. Mama alimwachia jirani Mganda. Nililia, nikidhani tumepoteza mali. Anko alinicheka; yeye alikuwa akisafirisha jokofu, jiko na pasi, vyote ndani ya maboksi. Mpaka leo vimo humo humo, panya wamezaliana.

Zamani niliamini hakujua kusoma tarehe. Alijua sana. Ila aliona miaka ya Doha si maisha, kwamba angeanza kuishi akifika kwao. Mikono ya mama ilipona kule kule Najma.