Watiri Aingia Baa

Watiri wa Giakanja hajawahi kuonja pombe, na jirani aliyeinusa hata kidogo alisalimiwa akiwa nje ya lango. Mumewe, Ngatia, ndiye fundi wa kupandikiza miche ya avokado; watu walikuja kumtafuta kutoka mbali hata Endarasha. Lakini miaka ya karibuni mkono wake haukutulia asubuhi mpaka ameze pombe kwanza. Macho yakawa manjano, miguu ikavimba, chakula akakisukuma kando.

Pasaka iliyopita alisimama kanisani akaapa kuacha siku hiyo hiyo. Tukampigia makofi. Watiri akamfungia chumbani asitoroke, nasi majirani tukakaa uani tukimwimbia. Siku ya tatu tulisikia kishindo. Alikuwa sakafuni, mwili ukitukutika, povu mdomoni, ulimi ameuuma. Tukasema ni pepo anatoka, tukaimba kwa sauti zaidi. Nikikumbuka naona aibu. Alizinduka, akairudia chupa, na sijui nani angemlaumu.

Mwezi huu Ngatia mwenyewe aliomba apelekwe kutibiwa. Katunge, daktari wa wagonjwa wa ulevi, alimbonyeza tumbo upande wa ini, akatikisa kichwa, akawaambia kitanda kitapatikana Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

"Basi nitamfungia tena mpaka hiyo Alhamisi," Watiri akasema.

"Hapana, mama. Mwili yake imezoea pombe. Ukiitoa mara moja, ubongo inashtuka. Ile kuanguka ya Pasaka ilikuwa hiyo, na inaweza kumuua. Hapa tuko na dawa ya kumshikilia, huko nyumbani hauna. Mpatie kidogo kidogo, na wewe ndio upime."

Watiri akaingia baa mchana kweupe, akatoka na chupa mkononi bila hata kuifunika. Alichora alama ndani ya kikombe kwa msumari, akawa anampimia asubuhi, mchana na jioni, chupa yenyewe akiifungia kabatini. Kabla jua halijatua, kijiji kizima kilikuwa na habari.

Jumatano chama cha akina mama wa kanisa kilituma watu watatu, nami nikiwa mmoja wao. Aliyetuongoza ni Beth, mwenyekiti wetu. Tulikwenda kumvua kitambaa cha chama, na sitajifanya kwamba nilipinga.

"Mama Mwai," Beth akamwambia Watiri, "ni kweli ati unanunulia mzee pombe?"

"Ni kweli. Na leo nimenunua ingine."

"Na vile tulimwombea!"

"Mlimwomba Mungu, mimi nikafunga mlango. Alikuwa anakufa na sisi tunaimba, Beth. Kitambaa chukua. Mimi nataka mzee afike kesho."

Alikifungua kichwani akakiweka mezani. Hakuna aliyekigusa.

Saa ya kikombe ilikuwa imefika. Watiri akapima mbele yetu, akampa mumewe. Ngatia alijaribu kukinyanyua, lakini mikono ilitetemeka hivi kwamba pombe ikaanza kumwagikia shati. Jasho lilimtoka usoni. Hakututazama.

Beth akaweka Biblia yake kitini. Akamwendea Ngatia, akaishika mikono ya mzee kwa mikono yake miwili, akakisogeza kikombe mpaka mdomoni.

"Kunywa pole pole, baba," akamwambia, na hakukiachilia mpaka kikaisha.