Wale Wasioliliwa

Nilifika katika kijiji kile cha Walikale nikimfuata mume wangu. Sisi ni watu wa upande wa Butembo, na kwetu mwanaume akisikia kuna soko mahali, hata iwe ndani ya pori, anafunga mizigo. Yeye alifungua duka la chumvi, sabuni na mafuta. Mimi nilikuwa na diplome ya ualimu, na shule ya pale ilikuwa na darasa la tano lisilo na mwalimu. Ndivyo nilivyoanza.

Shule ilikuwa ya mbao na paa lake lilikuwa la manjanja, yale mabati mepesi. Mvua ikiyapiga, mwalimu anageuka bubu. Unaweza kupiga kelele mpaka koo likauke, mtoto wa mstari wa mbele asisikie neno. Mvua ikianza, mimi nilikuwa naweka chaki chini na kungoja. Mwalimu wa darasa la sita, upande wa pili wa ukuta, hakungoja. Siku moja nilichungulia katika ufa wa mbao nione anafanya nini. Alikuwa amesimama mbele ya ubao, anafundisha kwa midomo tu, bila sauti, na watoto wote wanamwangalia mdomo na kumjibu vivyo hivyo. Midomo mingi inafunguka na kufungika pamoja. Alipoliona jicho langu kwenye ufa, alicheka, akanionyesha kidole kuwa nitulie kama wanafunzi wake.

Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mzaliwa wa kijiji kile kile. Mke wake alikuwa ametoka mbali, Masisi, katika vilima vya Kirolirwe ambako watu wanafuga ng'ombe. Walikutana wakati mwalimu alipokuwa anasoma huko. Huyo dada na mimi tulikuwa wageni wawili kijijini, basi tulikuwa tunatafutana. Alikuwa ananicheka kwa sababu sikujua kunywa maziwa ya kuganda, na mimi namcheka kwa sababu aliogopa pori, eti miti imekaribiana mno, mtu haoni nani anakuja.

Siku ile mvua ilikuja kabla ya saa sita. Pori liligeuka jeusi, upepo ukapiga, maji yakaanza kuingia kwa mlango wa darasa la sita. Nilisikia mwalimu anasukuma benchi la mbele. Kisha sikusikia kitu. Watu wananiuliza radi ile ilikuwa na mlio gani. Ninachokumbuka ni weupe, na harufu ya kitu kilichoungua, na wanafunzi wangu wote wako chini ya madawati bila mimi kuwaambia.

Nilizunguka nje, nikaenda upande wa pili. Mwalimu alikuwa amelala mlangoni, mkono bado kwenye mbao ya mlango aliotaka kuufunga. Watoto watatu wa benchi la mbele walikuwa karibu yake. Msichana aliyekuwa anaimba sauti ya pili katika kwaya. Mvulana aliyejua kuiga sauti za walimu wote, hata yangu. Mpaka leo nikijisikia nasema darasani "kaa sawasawa", nasita kidogo, kwa sababu nasikia kama ni yeye anayesema. Na msichana aliyekuja shuleni kila siku na mdogo wake mgongoni. Siku ile mdogo alikuwa na homa, akabaki nyumbani na mama. Wengine waliungua, wakapona. Wale wanne hawakupona.

Wazee walikuja kabla ya wazazi kumaliza kufika. Mmoja wao, mwenye kujua dawa za mambo hayo, alizunguka shule na majani yaliyolowa, kisha akasema mbele ya wote:

"Mutu wa radi haliliwe. Mukilia, itajua njia ya kurudia. Mutawalilia siku nitasema."

Kwetu Kivu msiba tunauita kilio. Kile kilikuwa kilio ambamo hakuna mtu aliyelia. Waliwazika pamoja nyuma ya shule, si katika makaburi ya kijiji. Akina mama walikaa juu ya mikeka, vikwembe walivyojifunga vimefunika midomo, na mabega yanatikisika bila sauti. Mkatekista aliongoza sala kwa sauti ya chini, macho yake chini. Alijua Kanisa linamruhusu mtu kulia, lakini alijua pia anaishi na nani. Mama wa yule msichana wa mtoto mgongoni alikuwa mbele yangu. Yule mdogo mwenye homa alikuwa mapajani mwake, anatafuta dada yake kwa macho katikati ya watu. Mama alikuwa anauma kitambaa.

Mjane wa mwalimu alikuwa mjamzito, miezi imeenda. Walimwambia kama wengine. Udongo wa kwanza ulipoanguka, alilia. Alilia kwa lugha ya kwao, kwa nguvu, namna watu wa vilimani wanavyoita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Watu walianza kuondoka mmoja mmoja, kimya, kama vile wamekumbuka kazi nyumbani. Nilimshika mkono. Sikumwambia anyamaze. Tulibaki wachache sana pale.

Chumba cha darasa la sita kilifungwa. Papa direkteri, mkuu wa shule, akanipa watoto wa chumba hicho, wakabanana na wangu katika chumba kimoja. Walikuwa watulivu kupita kiasi. Mvua ya kwanza ilipokuja, niliweka chaki chini kama desturi yangu, nikangoja. Ndipo nikaona midomo. Watoto wa darasa la sita walikuwa wanasema kitu bila sauti, wote pamoja. Ilionekana ni ile hesabu ya kuzidisha. Hawakuniangalia mimi. Macho yao yalikuwa kando ya ubao, juu kidogo ya kichwa changu, mahali ambapo uso wa mtu mrefu ungekuwa. Nilijisogeza ukutani. Sikuthubutu kupita mbele yao. Mvua ilipokatika ghafla, sauti zao zikatokea katikati ya mstari, wote neno moja, na wakaendelea mpaka mwisho. Kisha mmoja akaniambia:

"Tumemaliza, Mama mwalimu."

Sikuuliza walikuwa wanamwambia nani mwanzoni. Wanafunzi wangu wa darasa la tano walikuwa wanaangalia pale pale na wao.

Haikupita muda mrefu, radi ikapasua mti kwenye njia ya mto na kuua mbuzi. Kijiji kikaanza kunong'ona. Mbuzi hakuwa neno. Neno lilikuwa ni nani alilia. Walisema mwanamke wa Masisi ndiye ameiita. Mtoto wake wa kwanza, mvulana mdogo, alianza kurudi nyumbani mapema, kwa sababu wenzake walikuwa wanaitwa na mama zao kila alipokaribia. Direkteri aliniita ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka.

"Wewe ndiyo rafiki yake," alisema. "Umuambie aende kwao kwanza. Batu bako na woga. Mimi sitaweza kumulinda."

"Papa direkteri, umuambie wewe."

"Mimi akiniona, atafikiri ni serikali inamufukuza. Wewe ni mugeni kama yeye."

Nilienda mchana, mawingu yakiwa yanajikusanya. Nilimkuta anachambua sombe, majani ya muhogo. Kabla sijakaa, akasema, "Najua chenye wamekutuma, dada. Usiseme. Ukae tu." Nikakaa. Nikachukua sombe upande wangu. Mvua ikaanza.

Tulikuwa hatujamaliza fungu la kwanza, mlango ukafunguliwa. Alikuwa mama wa yule msichana aliyekuwa anambeba mdogo wake, amelowa mwili mzima, mdogo huyo sasa mgongoni kwake. Nilisimama; nilidhani amekuja na maneno makali. Alibaki mlangoni, maji yanamtoka nguoni. Alimwangalia mjane, kisha tumbo lake.

"Wewe ulimulilia wako," alisema.

Mjane aliweka sombe chini.

"Mimi wangu sikumulilia. Niko nalala naye hapa." Akajigusa kooni. "Kila siku hapa. Hapandi, hashuki."

Mjane alisimama kwa shida, akamshika mikono, akamwingiza ndani. Yule mama akaanza. Mwanzoni ilikuwa kama kikohozi. Kisha sauti ikatoka, na sijawahi kusikia sauti ya namna ile, wala sitaki kuisikia tena, ingawa naisikia. Alimwita binti yake kwa jina lake la nyumbani. Mtoto mgongoni akashtuka, akalia na yeye. Mjane akalia. Na mimi nikalia, mimi ambaye nilikuwa nimejizuia tangu siku niliyowakuta pale mlangoni. Ngurumo zilikuwa juu yetu, na nilikuwa na hofu, siwezi kudanganya. Nilikuwa nangoja ule weupe.

Haukuja. Ilinyesha tu. Lakini nyumba ya jirani, katikati ya mvua, mtu alianza kulia. Kisha nyumba ya pili, ng'ambo ya njia. Kilio kilitembea kijiji kizima mchana ule, na wazee hawakutoka nje kukikataza. Asubuhi iliyofuata hakuna mtu aliyezungumza habari hiyo, wala hakuna aliyemsalimia mjane vibaya.

Hata hivyo aliondoka. Kaka yake alikuja na motari, watu wa pikipiki, kumchukua yeye na mvulana wake. Alitaka kuzaa kwa mama yake, alisema, mahali anapoona nani anakuja. Yule mama alimletea ndizi za njiani.

Watoto wa darasa la sita niliwasindikiza mwenyewe kwenye mtihani, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Walifaulu karibu wote. Baadaye vita ilisogea, mume wangu akahamisha duka Kitshanga, na mimi nikafundisha huko, katika shule iliyojaa watoto wa makambi. Nilirudi Walikale mara moja tu, kumzika direkteri. Shule ilikuwa imejengwa upya. Nyuma yake watoto walikuwa wanacheza mpira, na pale walipolala wale wanne palikuwa na majani mafupi. Mtoto mmoja alianguka hapo, goti likachubuka. Alifunga mdomo kwa mikono miwili, akakimbia mpaka upande wa barabara, ndipo akalia. Nilimuuliza mwenzake kwa nini.

"Pale hatuliake," alisema.

"Kwa nini?"

Aliinua mabega. Hakujua kuna nani chini.

Mwaka jana nilipita Kirolirwe, nikamtafuta mjane. Nilimkuta kwa kaka yake, amenenepa kidogo, na yule mtoto aliyekuwa tumboni sasa ni msichana mrefu kama baba yake. Alinipa maziwa ya kuganda, nikanywa, akacheka. Tulizungumza habari za vita, za bei ya maharage, za nani amekimbia wapi. Msichana alipotoka nje kufuata ndama, mama yake akasogeza kiti.

"Dada, kuna kitu nataka kukuuliza. Wale batoto watatu. Majina yao."

"Hukuyajua?"

"Nilikuwa najua ni batoto ya nani. Majina hapana. Miaka yote hii niko nawaombea, nasema tu 'wale watatu, Bwana, unawajua'. Lakini mimi siwajui. Nikimuota mume wangu, bako naye, wananiangalia, na mimi sijui niwaite nani."

Nikamtajia. Alirudia kila jina polepole, mara ya kwanza vibaya, mara ya pili sawasawa. La yule msichana wa kwaya lilimshinda ulimi, jina la pori, zito. Nikalikata vipande viwili. Akalisema tena, amefumba macho, na tena.