Bati la Mandolini ya Bibi

Jumamosi iliyopita nilitoka shifti ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nikapanda treni hadi kitongoji cha Lidcombe, huku ughaibuni, nikiwa nimepakata mandolini ya bibi yangu, kinanda kidogo cha nyuzi. Nyuzi mbili zilikuwa zimelegea. Fundi wa vinanda, mzungu mmoja mpole, aliiinua karibu na dirisha, akaitazama mpaka nikaanza kuona aibu. Akaniambia ni mandolini ya Kifaransa ya zamani, ya kupigwa kwenye kumbi za muziki, na kwamba aliyeibuni alikuwa mkaidi. Mandolini nyingine zina uso mmoja wenye tundu katikati, na nyuzi zinaukandamiza. Hii ina nyuso mbili za mbao, mmoja juu ya mwingine, na sauti hutokea kwenye mwanya kati yake. Uso wa juu umeinamishwa, hivyo nyuzi zinauvuta badala ya kuukandamiza.

Ukaidi huo naujua tangu utotoni, ila sikujua kwamba ulitoka Ufaransa.

Bibi alipewa mandolini hiyo na mtawa mmoja kule Burundi, enzi akiwa mpishi wa nyumba ya watawa. Tulipokimbia, majirani walibeba sufuria, yeye akabeba mandolini mgongoni ndani ya kitenge. Walimsema njia nzima. "Sufuria tutagawiwa," akawajibu. "Hii haigawiwi." Na kweli, kambini Tanzania tuligawiwa sufuria, unga, na zile dengu za njano zilizokataa kuiva. Kazi yangu ilikuwa kuchochea kuni mbichi, macho yakitiririka, huku bibi amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akipiga mpaka chakula kiive. Nakwambia, hadi leo nikinusa moshi wa kuni mbichi, nyimbo zake zinanijia pamoja na njaa.

Aliyeiharibu ni jirani yetu seremala, mtu wa huruma kupita kiasi. Siku moja bibi akiwa kwenye foleni ya mgao, seremala aliuona ule mwanya, akadhani mbao zimeachana kwa joto. Akapaka gundi, akabana, akaziba kabisa. Simlaumu sana. Kambini kila kilichopasuka kilizibwa, iwe ndoo, hema au viatu. Nani angefikiri kuna mwanya uliowekwa makusudi?

Jumapili, kwenye kanisa letu la turubai, kwaya ikasimama, bibi akapiga, sauti ikatoka kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Mwalimu wa kwaya akashauri tuimbe bila kinanda. Bibi akaifunga mandolini kwenye kitenge. Alikwenda nyumbani, akachukua kisu cha mboga, akaufungua mwanya mbele ya seremala mwenyewe, na ubao ukapasuka. Ufa huo aliuziba kwa bati la kopo la mafuta ya msaada na misumari midogo ya fundi viatu. Tangu hapo mandolini ikawa na mvumo kama wa nzi ndani ya chupa. Sisi watoto tulicheka. Yeye hakucheka. "Inavuma, lakini inasema," alituambia, na Jumapili iliyofuata akakaa nayo mstari wa mbele.

Sasa fundi ananishauri bati litolewe, masizi yasafishwe, kisha mandolini iwekwe kwenye kabati la kioo. "It'll be like new," akasema, kwa nia njema kabisa. Nilikasirika kuliko nilivyotarajia. Mpya ya nini? Kambi ile ilifungwa. Nyumba zetu za tope zilibomolewa, kwaya imetawanyika nchi tano, seremala sijui kama yu hai, na kaburi la bibi liko kule bila mtu wa kulipalilia. Hata lile kanisa la turubai, ukienda leo, hutajua lilisimama wapi.

"Kaza nyuzi tu," nikamwambia kwa Kiingereza changu. "Bati usiliguse."

Akaniuliza kama ninaelewa kwamba ubao wa zamani namna ile, ukipigwa kila wiki, unaweza kuvunjika. Naelewa. Nikamjibu kwamba ikivunjika, na ivunjike ikipigwa.

Kesho yake binti yangu aliipiga kanisani kwetu Guildford. Mvumo ulipoanza, watu wakageuka. "Mum, it's buzzing," akaninong'oneza, uso umemwiva kwa aibu.

Nikamwambia apige kwa nguvu zaidi.