Mwanafunzi Wangu wa Nyuma ya Ukuta

Kwetu milimani Ileje, zamani zile za Waingereza, mke wa mtu hakuonana na baba mkwe wake. Nikimsikia anakohoa njiani, niliingia migombani na mtungi wangu, hata kama migomba ilikuwa imelowa na mimi nimetoka kujipaka mafuta. Kusema naye ndiyo kabisa, haikufikirika. Misimu kadhaa ya kuvuna ulezi nilikaa katika mji ule bila kuujua uso wa mtu ambaye ugali wake niliusonga kila siku.

Basi mzee huyo akataka kubatizwa. Mama mkwe alikuwa amekwisha kubatizwa, na kila Jumapili ya Meza ya Bwana yeye alibaki kanisani huku mumewe akitolewa nje pamoja na watoto wakorofi. Jambo hilo lilimuuma sana mzee. Alikwenda mbele ya mchungaji kuulizwa maswali, akaanguka. Akaenda tena, akaanguka tena, maana safari hiyo aliitaja kodi ya kichwa miongoni mwa Amri Kumi. Mchungaji akamwambia Pasaka ijayo itakuwa nafasi yake ya mwisho. Mzee alirudi nyumbani akakataa chakula.

Darasani hakutaka kukaa na vitoto. Mume wangu, ambaye angemfundisha, alikuwa migodini ng'ambo ya Tunduma. Aliyejua kusoma nilibaki mimi tu. Wazee wenzake wakasema samaki mkunje angali mbichi, na huyu amekwisha kukauka. Mama mkwe akawajibu kwamba hata samaki mkavu hulainika akilowekwa. Akaniweka mimi jikoni, akamweka mumewe nje kwenye kigoda, mgongo ukutani, na yeye mwenyewe akakaa mlangoni katikati yetu.

"Mama," nilisema, "muulize mwanafunzi, baada ya amri ya kwanza inafuata ipi?"

"Baba, unaulizwa inafuata ipi."

"Mwambie mwalimu nimesikia. Mimi si kiziwi, mimi ni mkwe."

Nilikuwa mwalimu mkali. Ukuta ule ulinipa ujasiri ambao adabu ilininyima. Kukariri alianza kuweza, lakini kuyaishi aliyokariri ndiko kulikomshinda. Siku moja harufu ilipenya hadi kwangu jikoni, ikaushinda hata moshi.

"Mama, muulize amekunywa nini."

"Togwa," akajibu mwenyewe, bila kungoja kuulizwa.

"Togwa ya lini?"

Nikasikia kigoda kikilia. "Ya juzi ile," akasema.

Pabaya zaidi palikuwa kwenye kusamehe. Alikuwa amemnunia jirani yake tangu jirani huyo alipotumwa chumvi Ivuna, akarudi na kifurushi kilichopungua. Kila tulipofika mahali pa kusamehe katika Baba Yetu, mzee alikohoa, akayaruka maneno hayo. Nikalifunga darasa. Nikamwambia mama mkwe kwamba mimi sifundishi mdomo mtupu, mzee aende kwanza kwa jirani ndipo tuendelee. Akaenda, akarudi upesi mno.

"Mwambie mwalimu nimesamehe."

"Jirani amesemaje?"

"Hakuwapo. Nilingoja mpaka nikaona ametoka."

Mama mkwe alicheka mpaka akajilaza pale mlangoni. Mimi sikucheka. Nilikasirika kwelikweli, kwa sababu Pasaka ilikuwa imekaribia na aibu ya mzee ingekuwa aibu yetu sote. Nikasema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Kesho yake akaenda tena, jirani akiwapo. Walichoambiana sijui, ila jioni alimwambia mkewe ugali uongezwe, kuna mgeni.

Siku ya maswali kanisa lilijaa. Nilikaa nyuma upande wa wanawake, kando ya mama mkwe, nimejifunika kaniki mpaka puani. Mzee akaitwa mbele. Mchungaji alipouliza swali la kwanza, mzee akageuka, akampa mgongo kama alivyonipa mimi jikoni, akaanza kuujibu ukuta wa pembeni. Akajibu vizuri, la kwanza na yaliyofuata, hakukosea hata moja. Watu wakaangua kicheko.

"Geuka, mzee, nikuone," mchungaji akasema.

"Nikigeuka yatamwagika, mchungaji."

"Na mbele za Mungu utasimama hivyo, umempa mgongo?"

Kicheko kikakatika. Mzee akageuka polepole. Akaambiwa aseme Baba Yetu. Akaanza vizuri, akafika pale pa kusamehe, akakwama. Niliona mabega yake yakishuka, nikaona Pasaka inampita. Moyo uliniuma, nikasahau adabu zote nilizolelewa nazo.

"Mama!" nikapaza sauti. "Mwambie mwanafunzi jirani amekwisha kula ugali wake! Sasa anaogopa nini?"

Mzee akaitafuta sauti ile. Mimi nilikuwa nimesimama, na kaniki imeanguka mabegani. Tukatazamana mbele ya usharika mzima. Wanawake wakashika vinywa, wakingoja akimbie. Hakukimbia. Aliisema sala ile huku akinitazama, mpaka amina, na mchungaji akasema huyu abatizwe.

Sauti niliyoikaripia muda wote ule ilikuwa na uso mdogo, wenye kidevu cha mume wangu na macho yaliyojaa machozi. Nilikuwa nimemwandaa mzee yule kusimama mbele za Mungu, lakini kusimama mbele ya mzee mwenyewe, uso kwa uso, hakuna aliyeniandaa mimi. Nikalia kwa sauti, na mchungaji akadhani nimeguswa na sala.