Boriti ya Mzee Sharshen

Kila mwaka shule ya Ak-Terek ilipofunguliwa mwezi wa tisa, Mzee Sharshen alijifanya mgonjwa. Mara mgongo, mara jino. Kijiji kilimcheka: mzee mzima anaogopa shule kuliko watoto! Laiti wangejua.

Shule ile waliijenga wenyewe kwa msaragambo, mwaka wa sabini na nne. Kila nyumba ilitoa boriti moja ya mpopla, mti mrefu ulionyooka, iliyokatwa wakati wa baridi kabla utomvu haujapanda, ikachongwa alama ileile ambayo nyumba hiyo hutia mifugo yake. Sharshen alikuwa nayo, kavu, nzuri ajabu. Lakini mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na boriti nzuri, alijiambia, ni ya nyumba ya mwana. Basi masika yalipofika akakata mti mwingine, mbichi unachuruzika maji, akaupaka majivu uonekane wa zamani. Choyo gani kile!

Mti wa masika huliwa na funza. Huko hata mtoto analijua hilo. Miaka minne baadaye paa la darasa la pili likaanguka. Ilikuwa Jumapili, Mungu akasitiri. Lawama zote zikamwangukia fundi Kalyk, aliyeliezeka: mlevi, mzembe, nusura atuulie watoto. Hakupewa kazi tena, akafa akichunga kondoo wa watu. Na Sharshen? Alikwenda mazikoni, akala nyama, akanyamaza. Nyama ile haijamshuka mpaka leo.

Mwaka huu Zuura, binti wa Kalyk, ambaye sasa ndiye mwalimu mkuu, akaja kwake na daftari. Alikuwa anaandika historia ya shule.

"Nimebakiza ukurasa mmoja tu, mzee wangu. Wa paa."

Sharshen akainamia kikombe chake cha chai. "Uzee huu, mwanangu. Nimesahau."

"Usinichekeshe! Juzi ulimtajia mwanao kila kondoo aliyepotea tangu enzi za babu yako."

Sharshen akaweka kikombe chini. Alijichukia kuliko siku zote.

"Boriti ilikuwa yangu," akasema. "Niliikata masika, ile kavu ya shule nikaiweka. Baba yako hakukosa kitu. Nilikosa mimi, nikamwacha atukanwe."

Zuura hakushtuka. Akatoa mkobani kipande cha mti kilichotobolewa na funza. Kilikuwa na alama ya nyumba ya Sharshen.

"Baba alikikata siku ileile, kabla polisi hawajafika. Alisema wakikiona utafungwa, na una mtoto mdogo. Akatuapisha tusikuulize. Kama ni kusema, alituambia, aseme mwenyewe."

Mzee akalia kwa sauti, mkwewe anamtazama mlangoni, na hakujali.

"Andika," alisema alipoweza. "Na jina langu liandike."

"Watauliza boriti ya shule ilikwenda wapi."

Sharshen akainua kidole kuelekea boriti ya dari ya nyumba ya mwanawe, juu ya vichwa vyao.

"Waambie ipo hapa. Haijapinda hata kidogo."