Milimita Moja kwa Siku

Watu wa Tunduma wananiita Mama Neema. Nanunua mahindi na maharage kwa wakulima wa vijiji vya Itaka na Ruanda, nauza kwa wateja wa pande zote mbili za mpaka wa Zambia. Kabla ya ajali nilijulikana kwa mambo mawili. La kwanza, kuhesabu mara mbili: hesabu ya mwenye mali, halafu yangu. La pili, mkono wangu wa kulia. Nilikuwa nauzamisha ndani ya gunia mpaka kiwiko, nachota punje za chini kabisa, ambako watu huficha mbichi, nafungua kiganja, nazirusha kidogo. Kwa mlio wake najua kama zimekauka. Mashine ya kupimia unyevu ninayo. Ni ya kuwaonyesha wanaobisha.

Siku hiyo ya mvua nilipanda bodaboda kutoka Itaka kwenda Mlowo. Mbuzi wawili wakavuka barabara. Dereva alimkwepa wa kwanza vizuri sana.

Niliangukia upande wa kulia, pikipiki ikanilalia. Ndani ya mkono nikasikia mlio kama wa hindi linalovunjwa kwenye bua. Dereva akaniinamia, matope usoni.

"Mama, uko salama?"

"Hesabu viwiko vyangu," nikamwambia.

Akaangalia. "Viwili."

"Hesabu tena. Mimi naona vitatu."

Hospitalini picha ilionyesha mfupa umevunjika katikati ya bega na kiwiko. Maumivu yalikuwa ya kutapika, na nilitapika. Lakini kilichoniogopesha ni kiganja. Kilining'inia kama shingo ya kuku aliyechinjwa. Daktari wa mifupa akasema, "Inua kiganja." Nikakiamuru. Hakikusogea. "Nyoosha vidole." Hakuna hata kimoja. Akanigusa nyuma ya kidole gumba kwa pamba, nikaona pamba ikinigusa lakini sikuisikia. Ngozi ilikuwa kama ya mtu mwingine.

"Mfupa utaunga," akasema. "Ila mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya mfupa huu umeumia. Huo ndio unaoinua kiganja. Mara nyingi hurudi wenyewe, lakini hukua taratibu. Kadiria milimita moja kwa siku."

"Daktari, hiyo ni bei ya kuanzia au ya mwisho?"

"Ya mwisho, mama. Na mwenye duka hayupo wa kumbembeleza."

Nilirudi nyumbani na gango kwenye mkono wa juu na kishikizo cha kuinua kiganja. Sitaficha: mtu mzima nilijifunza upya kunawa chooni kwa mkono wa kushoto, na Baba Neema, mume wangu, alinifunga sidiria kila asubuhi akikosea ndoano kila asubuhi. Na huku kwetu ukimsalimia mkubwa, mkono wako wa kushoto unaushika ule wa kulia kwa adabu. Mimi ilinibidi niushike kwa kila mtu, mpaka watoto wa shule.

"Miaka yote nimeitafuta heshima hii humu ndani," Baba Neema akasema. "Kumbe ilikuwa inasubiri mbuzi."

Kila mwezi nilikwenda kliniki kwa Dada Rehema, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alikuwa pia anafanya utafiti: anafuatilia watu waliovunjika mifupa na kuumia mishipa ya fahamu, aone nani anarudi, kwa muda gani, na nani anahitaji upasuaji. Aliniomba nishiriki, nikakubali baada ya kumfanya anisomee karatasi ya ridhaa mara mbili.

Kazi ilikuwa rahisi. Unagonga taratibu kwa kidole kufuata njia ya mshipa. Pale unaposikia umeme mdogo ukikimbilia kwenye kidole gumba, ndipo mshipa ulipofika. Unaweka alama ya kalamu. Kila Jumapili nigonge nyumbani, niweke alama, mwisho wa mwezi yeye aandike kwenye daftari.

"Alama ikisogea, tunasubiri," alisema. "Isiposogea, daktari atafungua aangalie kinachouzuia mshipa. Kwa hiyo usinifurahishe, Mama Neema. Niambie kilichopo."

Mwezi wa kwanza ilisogea. Wa pili ikasogea kidogo. Wa tatu ikakataa. Jumapili nne niligonga palepale, umeme palepale. Na mimi kisu nakiogopa. Isitoshe mavuno yalikuwa yanakaribia, na mnunuzi aliyelazwa hospitali ananunua nini? Basi nikachukua kalamu, nikaweka alama vidole viwili mbele.

Wenye mashamba mnaijua lumbesa, gunia linaloshindiliwa kupita kipimo mpaka lionekane lina kichwa. Kwenye lumbesa za wengine nimekula sana, sitajitakasa. Hii ilikuwa ya kwanza kujifungia mwenyewe.

Rehema akaandika namba yangu. Mwezi uliofuata nikaja na alama nyingine nzuri. Akanitazama, akanitazama kiganja, kilichokuwa kimening'inia vilevile.

"Leo nagonga mimi. Fumba macho. Ukisikia umeme, sema."

Nikafumba. Ngo, ngo.

"Nasikia," nikasema.

"Umeme unaelekea wapi?"

"Kwenye gumba."

"Mama Neema, nimegonga meza."

Nikafumbua macho, nikajaribu mzaha. "Basi nimesikia kwa masikio."

Hakucheka. "Msuli unaungoja mshipa," akasema. "Ukingoja mno unakufa, na hapo hata mshipa ukifika hakuna wa kuufungulia mlango. Umetupotezea miezi miwili. Halafu namba zako ziko humu pamoja na za wenzako. Kesho daktari atasoma kwamba mtu kama wewe alipona bila kufunguliwa, atamwambia mwingine asubiri. Huyo naye mkono wake ufe kwa sababu yako?"

Nimeitwa mambo mengi sokoni na nikalala vizuri. Hilo halikunitoka. Nikamwambia kila kitu, Jumapili moja moja. Hakufuta namba zangu. Alizikata kwa mstari mmoja tu, ili za uongo bado zisomeke, akaandika za kweli pembeni, akaweka saini. Nikamwambia arudie kuhesabu. Akarudia.

Wiki hiyohiyo nikafunguliwa mkono Mbeya. Nilipozinduka daktari akaniambia mshipa haukukatika. Ulibanwa na kovu lililoshikana na mfupa mpya, wakaunasua. "Lakini siahidi," akasema. "Tumechelewa kidogo." Nilijua aliyechelewesha. Nyuzi zilikuwa kumi na saba. Nesi alisema kumi na sita. Tulihesabu tena pamoja.

Tukaanza upya. Safari hii Baba Neema ndiye alishika kalamu, mimi nikiwa nimefumba macho, naye alijifunza kugonga meza bila kuambiwa. Mkono uliwaka kama nimeshika upupu, na Rehema akasema moto huo ni habari njema. Alama ikasogea. Kidogo, ikasogea. Lakini kiganja hakikuinuka, mwezi baada ya mwezi, nikaanza kujizoeza kushona magunia kwa kushoto.

Asubuhi moja napepeta maharage kwa kushoto, wa kulia umelazwa kwenye ukingo wa ungo. Kuku akaja kudonoa. Nikamfukuza.

Baba Neema akaweka kikombe chini. "Umemfukuza kwa mkono gani?"

Tukautazama. Nikakiamuru kiganja. Kikainuka kimo cha punje mbili, kikatetemeka, kikaanguka.

"Rudia," akasema, yeye ambaye hajawahi kuhesabu kitu mara mbili. Nikarudia. Akatoka nje, akarudi macho yamemwiva, akidai ni vumbi la maharage.

Leo nazamisha mkono kwenye gunia mpaka kiwiko, na kiganja kinafunguka. Gumba bado huchoka mapema, hasa siku za baridi. Mteja wangu wa Zambia alinitania, akiniita mama kwa Kibemba: "Bamayo, siku hizi unasalimia kwa mkono mmoja. Heshima imeisha?" Nikamwambia imeisha, na bei imepanda.

Namshukuru Mungu, aliyenipa mkono mara mbili. Nawashukuru daktari, Rehema, na mwanaume yule wa ndoano. Nawe uliyeumia leo nakuambia: mshipa wa fahamu hurudi, na hata ukichelewa kuna la kufanya. Vaa gango lako, fanya mazoezi yako, na anayekupima mpe kipimo cha kweli, hasa kikiwa kibaya.

Mwezi uliopita Rehema aliniita nikaongee na mbeba mizigo aliyedondokewa na shehena. Alama zake kwenye mkono zilikuwa zimepangana vizuri mno, kama mbegu kwenye mstari. Nikamwambia afumbe macho. Ngo, ngo.

"Nasikia, mama," akasema haraka.

"Fumbua macho, kaka. Hiyo ni meza. Njoo tuhesabu upya."