Pango la Shangazi

Wageni wanaofika Ngara huulizia maporomoko ya Rusumo, wakishapiga picha pale wanaondoka. Pango letu la Murusagamba hawalijui. Kaka yangu, dereva wa bodaboda pale Kabanga, ndiye aliyeanza kuwaleta watu, akawaambia lina historia.

Historia yenyewe ilikuwa ya shangazi yetu. Alivuka kutoka Burundi akikimbia vita, akiwa mama kijana, mtoto mgongoni, akajificha humo mvua ikinyesha. Mtoto alifia humo. Watu walipotulia na kugawiwa mashamba, yeye aliomba la chini ya kilima kile, akapanda migomba na maharage. Kila Jumapili baada ya kanisa alipanda kufagia mlango wa pango.

Jumapili moja kaka alikuja na vijana watano kutoka mjini, wamebeba soda na nyama ya kuchoma. Shangazi alikuwa anafagia. Mimi nilikuwa nimempelekea maji.

"Bibi, shikamoo. Tusimulie basi," msichana mmoja alisema, simu imeshanyanyuliwa.

Shangazi alinitazama, kisha akamtazama kaka. Kaka akaitikia kwa kichwa kumhimiza. Kiswahili cha shangazi kilikuwa cha sokoni, herufi zikimponyoka, lakini alijitahidi kwa sababu ni wageni.

"Nirimraza hapa, juu ya majani," alisema akionyesha kwa mkono. "Asubuhi hakuria tena."

Kicheko kikawatoka. Mmoja aliinama, akashika magoti.

"Hakuria! Hakuria nini, bibi, wali?"

"Rudia, bibi. Sema tena hapo."

Akarudia. Alidhani hawakusikia. Nikamwambia kaka awanyamazishe, akanijibu kwa sauti ya chini, "Waache, wanafurahi. Watawaleta wenzao."

Wiki haikuisha, sauti ya shangazi ilikuwa kwenye kila simu, imetiwa ngoma. Mnadani Kabanga, wauza mitumba walimwita kwa neno hilo. "Hakuria, njoo uone sketi!" Watoto wa shule walimfuata nyuma wakiimba, naye akatembea na mafungu yake ya ndizi kichwani, shingo imenyooka, mpaka walipochoka. Alipofika nyumbani alinitaka nimweleze kosa liko wapi. Nikamweleza hiyo r na hiyo l, kwamba ni hakulia, si hakuria. Alisikiliza kwa makini kama mtu anayeelekezwa njia.

"Basi ni hilo tu?" aliuliza kwa Kirundi.

Tangu hapo sikumsikia akitamka Kiswahili. Alipougua mapafu nilimpeleka zahanati, na muuguzi, mgeni wa mkoa wetu, akamuuliza inamuuma wapi. Shangazi akafumba mdomo. Muuguzi akakasirika. "Huyu kiburi au bubu?" Nikajibu mimi, nikikisia, kwa maana hata kwa Kirundi hakutaka kuniambia mbele za watu.

Alipopata nafuu alihamia kwa binti yake, kule Mugoma. Shamba alimwachia kaka, ambaye alikata migomba ya upande wa juu kupanua njia ya pikipiki. Nilimuuliza kama haoni aibu.

"Aibu ya nini? Kuna aliyempiga?"

Mwezi uliopita nilipishana na abiria wawili wa kaka wakishuka kutoka pangoni. Walikuwa wamekojoa ndani. Walikuwa wakitaniana kuhusu mwangwi wa pango. Nikapanda na ndoo, nikamwaga maji, nikafagia. Kisha nikashuka kwenda kuvuna maharage, kabla jua halijawa kali zaidi.